Vizibo vya Nta

Maiti alikuwa amefunikwa uso kwa kofia yake mwenyewe, na juu ya ukingo wa kofia palikuwa na jiwe dogo ili upepo usiipeperushe.

Inspekta aliliangalia lile jiwe kwa muda mrefu kuliko alivyomwangalia marehemu. Askari waliomzunguka walisubiri. Walishamzoea. Kituoni walimwita Kobe akiwa hasikii, na yeye alijua, ila hakuona ubaya. Mtu wa miaka hamsini na saba mwenye goti bovu angeitwa nani, Duma?

"Nani kamfunika?"

"Tumemkuta hivihivi, afande," alijibu Sajini, mama wa watoto wanne ambaye hata akitoa ripoti sauti yake ilikuwa ya kugombeza. "Wapandaji wawili ndio waliomwona, saa moja asubuhi. Wanasema hawakumgusa."

"Mtu akianguka kutoka kule juu hajifuniki uso."

"Hajifuniki."

Wote wakainua macho. Mlima ulikuwa jiwe moja tu la graniti, kipara kitupu, maarufu kiasi kwamba watu walitoka mbali ili wapigwe picha juu yake. Sehemu ya mwisho ilikuwa imesimama na laini kama kitako cha chungu. Hakuna aliyeipanda bila kitu cha kushika. Kulikuwa na kamba mbili za chuma zilizopanda hadi kileleni, zikishikiliwa usawa wa kiuno na nguzo za chuma zilizochomekwa kwenye matundu yaliyotobolewa katika mwamba. Mpandaji alipita katikati, mkono huku na mkono huku, akimwomba Mungu wake.

Sasa katikati ya mteremko kamba zilikuwa zimelegea na kulala juu ya jiwe. Nguzo kumi hazikuwepo.

Marehemu alijulikana na kila mtu. Alikuwa kiongozi wa wapandaji, mzee wa miaka sitini na mbili, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewapandisha wageni na kuwateremsha wote wakiwa wazima. Jana, Jumamosi, alipanda peke yake kumpelekea Bawabu vyakula vya wiki. Bawabu ndiye aliyekaa kibandani kileleni na kutunza kamba. Na leo alfajiri huyo Bawabu alikuwa ameita getini, chini ya mlima, kwa redio kwamba nguzo kumi zimeibwa, mtu yeyote asipande. Kuhusu rafiki yake aliyelala chini hakusema neno.

Daktari alimaliza uchunguzi wa maiti kabla ya saa sita. Shingo imevunjika, alisema, amekufa papo hapo, jana kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni. Viganja vyote viwili vilikuwa na mchubuko mrefu wenye grisi. Aliishika kamba mpaka mwisho, na kamba ndiyo iliyomsaliti.

"Kuna na hiki," daktari akasema, akaweka mezani kifuniko cha soda kilichopakwa rangi nyeupe. "Kilikuwa mfukoni mwa shati. Mfuko ulifungwa kifungo."

Inspekta alikitia kwenye mfuko wa vielelezo bila kujua ni kielelezo cha nini.

Mshukiwa alipatikana upesi, upesi kupita kiasi. Pale mjini palikuwa na mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu ambaye miaka miwili nyuma alikutwa na mabango ya barabarani uani kwake. Kila aliyeulizwa getini alimtaja yeye. Sajini alimkamata akiwa anakunywa uji, na Mkuu wa Kituo akapiga simu kusema kwamba anataka jalada liwe mahakamani Jumanne. Kamba hukatikia pabovu, Inspekta aliwaza, akaingia chumba cha mahojiano.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Peke yangu. Mke wangu yuko kwao, mwezi wa pili huu."

"Nani alikuona?"

"Afande, mtu aliyejifungia ndani peke yake anaonwa na nani?"

Inspekta aliacha kuandika. Jana mchana yeye mwenyewe alikuwa nyumbani. Alipasha wali wa juzi, akala amesimama, akafua mashati mawili, akakaa mbele ya redio bila kuiwasha. Tangu mkewe afariki, miaka miwili sasa, siku za mapumziko zilikuwa ndizo siku ngumu. Lau angeulizwa alikuwa wapi, asingepata shahidi hata wa kusingizia.

"Nguzo za mlimani uliwahi kununua?"

"Mara moja, tatu zilizochakaa, na kibali nilipewa. Nilikwenda kuzichukua mwenyewe. Toka siku ile nimeapa sipandi tena. Na sasa hivi nitapandaje?" Mnunuzi akakunja suruali. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba na kufungwa bendeji chafu. "Pikipiki, Jumatano. Muulize mganga wa zahanati."

Mganga aliulizwa, akakubali. Mkuu wa Kituo alipoambiwa alisema mwizi hakosi wenzake, basi awataje hao wenzake. Inspekta aliujua mwendo huo. Mpaka Jumanne mtu yule angekuwa amewataja hata ambao hawajazaliwa.

Alasiri akaja binti wa marehemu kutoka mji mkubwa. Hakulia mbele yao. Alisema chumba kilikuwa tayari, kitanda kimeshatandikwa, kwa sababu baada ya kumbembeleza miaka minne baba yake alikuwa amekubali kuacha mlima na kuhamia kwake. Magoti yalikuwa yamemwisha. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya safari.

"Jana alipanda kufanya nini?" Inspekta aliuliza.

"Kumuaga baba mdogo."

"Baba mdogo yupi?"

"Bawabu. Si ndugu wa damu. Nimekua nikisikia habari zake kila Jumapili: kasema hivi, kafungwa drafti mara ngapi. Uso wake siujui. Huwa hateremki."

"Kabisa?"

"Baba alikuwa akisema mlima ndio umemwoa."

Inspekta alimsindikiza mpaka nje, akarudi kuchukua buti. Sajini alimwona akizikagua soli akaelewa.

"Afande, si tumwite Bawabu ateremke? Kesho saa mbili yuko kituoni."

"Mtu asiyeteremka anafuatwa kwake."

"Na goti?"

"Goti litakuja nyuma yetu."

*

Walianza kupanda Jumatatu kulipopambazuka, Inspekta, Sajini na watu wawili wa kikosi cha uokoaji, ambao walikuwa wamefunga kamba zao pale nguzo zilipokosekana. Njia ya chini ilipita msituni, kisha vichakani, kisha pakawa jiwe tupu. Inspekta alipumzika mara kumi na moja. Sajini alihesabu kwa sauti. Mara ya nane alimwambia kwamba marehemu babu yake angekuwa ameshafika na kurudi, na Inspekta akamjibu kwamba ndiyo maana ni marehemu.

Kwenye kamba hapakuwa na utani tena. Inspekta alitazama miguu yake na jiwe lililokuwa mbele ya pua yake, basi. Nguzo zilizobaki zilipakwa namba kwa rangi nyeupe, namba nzuri za mtu mwenye mkono mtulivu. Ishirini na tisa. Thelathini. Kisha hakuna.

Akasimama, kamba ya uokoaji ikiwa imemkaza kiunoni, akainama kwenye tundu la kwanza. Alitarajia shimo. Akakuta limezibwa. Kilikuwa kipande cha kitambaa kilichosokotwa, kikalowekwa kwenye nta, kikasukumwa ndani mpaka kikawa sawa na uso wa mwamba. Alikibonyeza kwa kidole gumba. Nta ilikuwa mpya, bado nyeupe.

Akaenda tundu la pili. La tatu. Yote kumi.

"Hii ni kazi yenu?" akawauliza wa uokoaji.

Hawakuwa wamegusa kitu. Inspekta alichomoa kizibo kimoja kwa kisu, akakitia mfukoni, akaendelea kupanda. Kuanzia hapo hakupumzika, na Sajini alipomwona hivyo akaacha kuhesabu.

*

Bawabu aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa miaka sitini hivi, macho mekundu ya kukosa usingizi, na maneno yalimtoka kama mtu aliyeyaweka akiba. Aliwapa pole ya njia kabla hawajampa pole ya msiba. Akawaonyesha pa kukaa, akabandika chai, akaeleza upepo wa leo na wa jana, akasema ukungu ukipanda mchana kuteremka ni hatari, afadhali walale, mablanketi yapo. Alisema hivyo mara tatu kabla chai haijachemka.

Kibanda kilikuwa cha mabati, kitanda kimoja, jiko moja, redio ya mawasiliano, na misumari miwili ukutani yenye vikombe viwili. Karibu na dirisha palikuwa na ubao wa drafti uliotengenezwa kwa mbao laini. Kete zilikuwa vifuniko vya soda, vya upande mmoja vimepakwa rangi nyeupe. Mchezo ulikuwa umeachwa katikati. Inspekta aliutazama, akagusa mfuko wa koti lake.

Aliuliza habari za Jumamosi. Bawabu akasimulia bila kusita. Rafiki yake alifika saa nne, wakala, wakacheza drafti, mchezo ukaisha, wakapeana mikono, rafiki akaondoka saa nane. Yeye akalala. Hakusikia kitu. Wezi lazima walipanda mchana huohuo, na Mungu atawalipa.

"Mchezo uliisha?"

"Uliisha."

Inspekta hakubisha, ingawa ubao ulisema vingine. Alitoka nje, akasimama penye tundu la zamani karibu na mlango. Mwamba hapo ulikuwa umepasuka vipande vitatu kuanzia kwenye tundu lenyewe.

"Hapa palipatwa na nini, mzee mwenzangu?"

Uso wa Bawabu ukachangamka. Akapiga goti, akaweka mkono juu ya ufa kama anayempima mtoto homa.

"Hili ni kosa la aliyenitangulia. Aling'oa nguzo, akaacha tundu wazi. Mvua inaingia, alfajiri maji yanaganda, barafu inatanuka. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa tano jiwe linafunguka. Watu wanadhani graniti haifi. Inakufa kama sisi, ila haina haraka."

"Kwa hiyo wewe uking'oa?"

"Naziba hapohapo. Kitambaa na nta. Sisogei hata hatua moja kabla sijaziba."

"Viongozi nao wanaziba?"

"Wale?" Bawabu akacheka kidogo. "Wanapita tu. Hata marehemu alikuwa ananicheka. Miaka kumi na tisa niko hapa, sijaona mwingine aliyeziba tundu."

Inspekta alirudi ndani, akaketi mbele ya ubao. Akatoa kile kizibo mfukoni, akakiweka taratibu katikati ya kete. Alisikia Sajini, nyuma yake, akivuta pumzi.

"Mwizi wa chuma, ndugu yangu, hazibi tundu."

Chai ilichemka ikamwagika kwenye jiko. Hakuna aliyeiinua.

Bawabu alikitazama kizibo. Labda angeweza kukana. Palikuwa na uwongo wa kutosha wa kujaribu. Lakini alikuwa ameulizwa kuhusu jiwe na yeye alikuwa amejibu ukweli, na ukweli ukishaanza kutoka ni vigumu kuurudisha.

"Nguzo ziko chini ya kitanda," alisema.

Sajini akasogeza kitanda. Zilikuwa zimelala kwa mpangilio, thelathini na moja mpaka arobaini, namba zikitazama juu.

Inspekta alimpa onyo kama sheria inavyotaka. Kwamba halazimiki kusema, kwamba atakachosema kitaandikwa, kwamba ana haki ya kukaa kimya.

"Nimekaa kimya miaka kumi na tisa, afande. Inatosha."

"Kwa nini uling'oa nguzo?"

"Nilitaka alale."

"Eleza."

"Siku moja tu. Nilitaka alale hapa siku moja tu zaidi."

Sajini alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki. Inspekta akamwashiria aandike.

Maelezo yalitoka polepole. Rafiki alikuwa ameileta habari ile akiwa anacheza, bila kuinua uso: magoti, binti, Jumatatu, harudi tena. Bawabu akasema vizuri. Akasema hongera. Kisha akasema anakwenda kukagua kamba, akashuka mpaka pale ambapo mteremko unajificha ukiwa kileleni, akang'oa nguzo kumi na kuzilaza kwenye ufa wa karibu. Aliziba matundu mkono ukienda wenyewe, hakukumbuka hata kuwa anaziba. Alikusudia kurudi na kusema: nguzo zimeibwa, leo hakuna kuteremka, kesho tutaomba msaada. Wangepika. Wangemaliza mchezo na kuanza mwingine. Asubuhi angezipata nguzo mahali fulani, wangecheka.

"Ukamwambia?"

"Nilimkuta amelala. Hapo, kitandani, amevua buti. Alikuwa amechoka." Bawabu alipangusa meza iliyokuwa safi. "Sikumwamsha. Nikasema akiamka nitamwambia. Nikaenda nyuma ya kilele kuchota maji kwenye tangi, ya kupikia watu wawili. Niliporudi blanketi limekunjwa."

"Hakukusubiri."

"Hakupenda kuaga. Hata wageni wake alikuwa anawakimbia getini. Nilidondosha ndoo nikakimbia huku namwita. Ukungu ulikuwa umepanda. Nilipofika penye kamba nikaona inacheza."

Alishuka, akasema. Alijiburuza kwa tumbo pale pasipo na nguzo, akazunguka mpaka chini, mara ya kwanza kuukanyaga udongo kwa miaka sita. Akakaa naye mpaka jua likapungua. Hakuweza kumbeba. Akamfunika uso, akaweka jiwe, akarudi juu, akizipandisha nguzo mgongoni kutoka kwenye ufa, mbili mbili, kwa sababu hakujua pengine pa kwenda.

"Ungeita kwa redio."

"Niseme nini? Kwamba nimemuua rafiki yangu ili asiondoke?"

"Umemwacha mtu mwingine akamatwe."

"Nani?"

Bawabu hakujua habari za mnunuzi wa vyuma. Alipoambiwa aliinamisha kichwa, akaomba mtu huyo aachiwe sasa hivi, kabla hawajafanya lolote jingine. Inspekta akamwelekeza Sajini kwenye redio. Walisikia amri ikitoka getini kwenda kituoni, na sauti ya Mkuu wa Kituo ikinung'unika, kisha ikikubali.

"Sheria itaita kuua bila kukusudia," Inspekta alisema. "Na kuficha. Sikudanganyi, ni miaka."

"Sawa. Hicho hakiniumi." Bawabu alikuwa anautazama mlango. "Kinachoniuma, aliondoka kama anayetoka dukani. Miaka kumi na tisa, kila Jumamosi. Hata neno."

Inspekta alitoa mfuko wa vielelezo. Kanuni zilimtaka asiufungue, na hakuufungua. Aliuweka tu juu ya ubao, kifuniko cheupe kikionekana ndani ya plastiki.

"Hesabu kete zako."

Bawabu akahesabu kwa macho. Kisha kwa kidole. Kete zake nyeupe zilikuwa saba, na mahali pa ya nane, karibu kabisa na kufika kingi, palikuwa wazi.

"Nilidhani upepo," alisema.

"Ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Alifunga na kifungo."

Ndipo mtu yule alipolia. Alilia vibaya, kwa sauti, kama asiyekumbuka namna inavyofanywa. Inspekta aliona aibu kutazama na aibu zaidi kugeuka. Nyumbani kwake mlikuwa na kikombe cha pili ambacho hakuwa amekigusa miaka miwili. Alijua kila kitu kuhusu mtu huyu, na hakupenda kujua.

*

Waliteremka kabla ya ukungu. Pingu zilibaki mkobani kwa Sajini, kwa kuwa Bawabu aliomba kitu kimoja nao hawakuweza kumnyima. Pale kwenye mteremko alichomoa vizibo kimoja kimoja na kuzirudisha nguzo, arobaini, thelathini na tisa, mpaka thelathini na moja. Watu wa uokoaji walimpasia. Kila moja aliitikisa, akairidhia. Kamba zikainuka tena mpaka kiunoni. Tundu moja lilikosa kizibo, lile la kielelezo, na hilo ndilo alilolitia nguzo mwanzo, kabla maji hayajapata nafasi.

Akampa mkubwa wa uokoaji kopo la nta. Alimweleza mara mbili jinsi ya kuloweka kitambaa.

Gari la polisi lilikuwa getini. Bawabu alisimama kando yake, akiwatazama wauza maji, wapandaji waliorudishwa wakilalamika, mama mmoja akimfukuzia mtoto kofia. Watu wengi mno kwa mpigo mmoja. Inspekta alimfungulia mlango.

"Afande."

"Sema."

"Huko rumande, chumba kimoja mnalaza watu wangapi?"

Inspekta alifikiri anaogopa. Akamtazama, akaona siyo.

"Kumi na wawili. Siku nyingine ishirini."

"Huwa wanaongea?"

"Mpaka mtu unakosa usingizi."

Bawabu aliitikia kwa kichwa polepole, akainama asigonge paji la uso, akaingia. Sajini alikuwa ameshafungua mlango wa mbele, kiti cha mkubwa kama siku zote. Inspekta alikitazama, akamwambia akae yeye. Kisha akazunguka, akalikunja goti lake bovu kwa shida, akaketi nyuma na Bawabu.

"Haya, niambie," alisema gari lilipoondoka. "Yule marehemu, drafti alikuwa anaijua kweli, au ulikuwa unamwachia?"